Chakula cha ngambo ya Kasumbalesa

Wengi wetu wanavuka mupaka ku Kasumbalesa kwenda Chililabombwe, Chingola ao Kitwe. Huyu anafuata biashara, yule ndugu, mwingine muchumba. Ukiwauliza walikula nini kule, wanajibu: "Kuku na viazi vya kukaanga." Ni huruma kweli!

Bukari utaikuta. Wabemba wanaiita ubwali, jina la ukoo moja na letu. Wengine kule wanasema nshima. Mboga ndiyo ya kuangalia. Omba ifisashi: majani ya maboga ao lengalenga yaliyopikwa na kalanga ya kutwanga, mpaka muchuzi unakuwa muzito. Nyama hamuna, na hutaitafuta.

Mwaka wa 2016 nilisindikiza kijana mumoja wa kanisa letu ku Kitwe, alikuwa anaoa binti wa Kibemba. Siku ile ilikuwa ya icilanga mulilo, maana yake kuonyesha moto. Kwa desturi yao mukwe hali ovyo ovyo kwa wakwe zake; wanamuletea kwanza vyakula vya kwao, kimoja kimoja, kusudi tangu siku ile awe mutu wa nyumba. Wamama waliingia na nyimbo, vyungu juu ya kichwa. Mumoja akapiga magoti, akafunua na kueleza: huyu ni kuku wa mugini, haya maharagi, hizi ifinkubala (wale wadudu wa majani ambao wamama wetu pia wanauza kwa kopo), hii ni chikanda.

Kijana akaninongoneza: "Papa Pasta, hii kitu inatoka mu udongo, mi siiwezi." Kweli inatoka mu udongo. Ni viazi vidogo vya maua ya pori yanayoitwa okidi. Vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unachanganywa na kalanga, chumvi, pilipili na soda kidogo, unapikwa mpaka unashikana na kukatwa vipande kama sosisi nene. Hata kwetu iko, tunaiita kikanda, lakini huyu mutoto wa mujini hakuijua! Nikaonja wa kwanza. Yule mama alikuwa angali chini, anangoja, wakwe wote kimya. Kijana akaona magoti yale, akachukua kipande. Halafu akachukua kingine, na sikumusukuma.

Lakini neno moja. Ukichimba kiazi cha okidi, mumea wenyewe unakufa. Ndiyo sababu mu Zambia vimepunguka sana, na wachuuzi wanavitafuta hata ku milima ya kusini ya Tanzania. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa kule mwaka wa 2005, na maua hayo ni sababu moja kubwa. Onja kipande sokoni, basi. Usirudie na mufuko wa viazi vyenyewe. Kuvivusha mupaka kunaomba karatasi ya ruhusa.

Kinywaji ni munkoyo, uji wa mahindi wenye kutiwa mizizi. Siku ya kwanza ni tamu, watoto wanakunywa. Ukikaa siku kadhaa unaanza kulewesha. Uliza ulipikwa lini, tena kama maji yalichemka, kwa maana kipindupindu kiliua watu mamia mu Zambia mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024. Mimi ile siku ya Kitwe sikuuliza ulipikwa lini. Kikombe cha pili ndicho kilinijibu.