KIMONDO CHA MBOZI NA PAZIA LETU LA SINEMA

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita Halmashauri ilinituma Ihanda, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kuzungumza na wenzetu wakulima wa kahawa. Kazi ilipokwisha, wenyeji wakanipeleka Ndolezi, kwenye mteremko wa mlima Marengi, kukiona kile kimondo mashuhuri.

Nalitazamia jiwe. Nikakuta chuma kitupu, urefu wake kama mita 3, na uzito wakadiriwa tani 16. Kiliingia katika maandishi ya wataalamu mwaka 1930, na mwaka 1967 Serikali ikakihifadhi kisheria. Zamani sehemu yake ilifukiwa ardhini. Wakachimba pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha wakaiimarisha kwa zege. Hawakukihamisha. Nikasimama pale, mlima ubavuni na mbingu juu, nikafahamu kuwa kilitoka huko huko. Lau ningalikiona kabatini mjini, ningalikipita kama chuma chakavu.

Nakuandikieni haya kwa sababu ya ubishi wetu. Tunazo picha za sinema za wazee wetu wakichuma na kuchambua karafuu. Wajumbe wengine wataka zionyeshwe mjini, ukumbini, penye viti na feni. Wengine wasema pazia litundikwe kwenye sakafu ya kuanikia. Mimi nalikuwa upande wa ukumbi, na kikaoni nalisema hivyo. Sasa nimegeuka.

Sinema ya uwanjani si ngeni kwetu. Kati ya 1935 na 1937 watu wa Bekefilm, waliotengeneza picha zao Vugiri, Usambara, walizizungusha kwa lori. Nalo Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, limeonyesha picha ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, chini ya nyota.

Katika wazee wale, wawili wamekwisha kutuaga. Wajane wao hawatakwenda mjini usiku. Sakafuni watafika kwa miguu. Na pale mkarafuu wa pazia utaonekana mbele ya mkarafuu wenyewe, ule ule alioupanda marehemu.

Hoja ya mvua ni ya haki. Basi tungoje karafuu zikauke, ziingizwe ghalani, ndipo tutundike pazia.

Mkutano ndio utakaoamua. Kura yangu nimekwisha kuitaja.

Mwandishi wa Chama