Nani kachukua chuma cha kengele? Namna ya kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kuandika hadithi ya upelelezi

Fungua daftari lolote la insha la darasa la tano au la sita. Mara nyingi utakutana na jogoo aliyewika, jua lililochomoza na mtoto aliyedamka haraka kujiandaa. Ukurasa wa kwanza unaisha bado anapiga mswaki. Tukio lenyewe linabanwa kwenye mistari mitano ya mwisho, halafu ghafla: kumbe ilikuwa ndoto!

Si kwamba mtoto hajui kubuni. Amekaririshwa namna ya kuanza, lakini hakuna aliyemwonyesha hadithi inavyofika mwisho.

Mitihani nayo imechangia. Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika insha. Kwa muda huo mfupi, kuingia na mianzo iliyokaririwa kulionekana ndiyo njia salama. Tanzania, mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba kwa miaka mingi ulimpa mwanafunzi sentensi zilizovurugwa azipange upya, bila kumwachia karatasi tupu ajaze mwenyewe.

Hadithi ya upelelezi inasaidia hapa kwa sababu haikubali ujanja huo. Mwandishi wake lazima ajue nani kafanya nini kabla hajaandika neno la kwanza.

Anza na jibu

Watoto wanajua tayari mchezo huu, ila kwa jina lingine. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai, na ukishaambiwa unajipiga kofi la paji la uso, maana dalili ilikuwa mbele yako muda wote. Aliyetega alianza na yai, ndipo akatafuta maneno ya kulificha bila kudanganya.

Mwalimu anaweza kutumia njia hiyohiyo ubaoni. Tuseme kengele ya shule ni rimu kuukuu ya gari inayoning'inia mtini. Alhamisi asubuhi, kile chuma cha kuigongea hakipo. Ijumaa kimerudi mahali pake. Nani alikichukua?

Darasa liamue jibu kwanza: ni mpishi wa uji. Fimbo yake ya kuchochea moto ilikuwa imeungua, akaazima chuma bila kumwambia mtu. Sasa swali la pili, ambalo ndilo kazi yenyewe: aliacha alama gani? Masizi. Kwa hiyo kwenye hadithi, Ijumaa asubuhi kiranja anagonga kengele kama kawaida, kisha anafuta kiganja kwenye kaptula na kaptula inachafuka. Sentensi moja tu. Msomaji anaipita, kwa sababu nani anashangaa kiranja kuwa na mikono michafu?

Halafu wanatafutwa washukiwa wengine wawili. Mlinzi, ambaye kila mtu anajua ana rafiki anayenunua vyuma chakavu. Na yule mvulana anayechelewa kila siku, ambaye kengele isipolia yeye ndiye anayefaidi. Wote wawili wana sababu, lakini hakuna kati yao mwenye kazi ya kumtia masizi.

Hapo ndipo jogoo wa kwanza anaweza kuwika, kama bado anahitajika.

Washukiwa watatu wanatosha. Siku moja au mbili zinatosha, na mahali pawe pamoja. Hadithi fupi inabeba tukio moja. Mtoto akiingiza safari ya Mombasa, harusi na ajali ya basi, ameshaanza riwaya na hataimaliza. Kosa lenyewe liwe dogo pia. Wengi hukimbilia mauaji na majambazi wenye bunduki kwa sababu ndiyo wanayoona kwenye filamu, lakini hawajui polisi wanafanyaje kazi. Penseli, chapati na ufunguo wa kabati wanavijua vizuri kuliko mwalimu.

Majini hawaruhusiwi

Mwaka 1929, Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyeandika pia riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za aina hii ya hadithi. Tatu zinatosha kwa shule ya msingi. Mhalifu atajwe mapema, asitokee ukurasa wa mwisho kama mgeni. Nguvu za miujiza zisitumike kufumbua fumbo. Na mpelelezi akiona kidokezo, msomaji naye akione.

Kanuni hiyo ya pili inafuta ndoto na majini kwa mkupuo mmoja.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, jambo hili lina historia ya nyumbani kabisa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa kisa chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu, na wapo wanaoamini kwamba mizimu ndiyo iliyofanya. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake mdomoni, hakubali. Anatafuta mtu aliyefanya na sababu yake.

Vitabu vya Bwana Msa ni vya watu wazima, si vya kugawa darasa la nne. Lakini kuna kitu cha kuazima: Bwana Msa ana mwenzake, Najum, kama vile Sherlock Holmes alivyo na Watson. Mpelelezi mtoto naye apewe rafiki wa kumuuliza maswali. Bila rafiki, mwanafunzi anaandika "akafikiri, akafikiri, akagundua." Akiwa naye, lazima wazungumze, na kwenye mazungumzo ndiko fikra inakoonekana. Faida ya ziada: mtoto anajifunza alama za kunukuu kwa sababu anazihitaji.

Mfano mzuri zaidi wa kidokezo kwa umri huu unatoka Ujerumani. Mwaka huohuo wa 1929, Erich Kästner alichapisha hadithi ya Emil, mvulana anayesafiri kwa treni kwenda Berlin akiwa na pesa alizozibana kwa pini ndani ya koti. Analala, mwanamume aliye naye kwenye behewa anaziiba. Watoto wa mjini wanamfuata mwizi hadi benki. Emil anathibitishaje kwamba noti ni zake? Zina matundu ya pini. Pini ile msomaji aliiona mapema, akadhani ni uangalifu wa kawaida wa mtoto aliyetumwa na mama.

"Ulijuaje?"

Kuna sababu nyingine ya kufundisha hadithi hizi, na pengine ndiyo nzito kuliko alama za insha. Waache watoto wachague mwizi bila mwongozo, kisha uangalie wanamchagua nani. Dada wa kazi. Mtoto mwenye sare iliyochanika. Mgeni aliyehamia mtaani juzi. Hawakuyabuni hayo, wameyasikia kwa wakubwa, kwenye miji ambako kelele moja ya "mwizi!" imetosha kumpiga mtu hadi kufa kabla hajaulizwa jina.

Kwenye hadithi ya upelelezi, mwalimu ana haki ya kuandika pembeni ya daftari: ulijuaje? Kama mlinzi ndiye mwizi, alama yake iko wapi? "Kwa sababu ni maskini" si kidokezo, hivyo hadithi inarudi kwa mwenyewe. Somo la uraia lingelisema jambo hilo kwa jumla. Hapa mtoto analazimika kulirekebisha kwa kalamu yake, la sivyo kisa chake hakisimami.

Kwa darasa la wanafunzi sabini, hakuna mwalimu atakayeandika hivyo kwenye madaftari yote, tuwe wakweli. Inawezekana kuwagawa watano watano, kila kundi na kisa kimoja, wakisimuliana kwa mdomo kwanza na kuandika baadaye. Kazi ya kusahihisha wanaachiwa wenzao. Kundi linasoma hadithi yake mbele ya darasa na kusimama kabla ya jibu. Wasikilizaji wanaandika jina la mtu wanayemshuku na kidokezo walichokitegemea.

Wakipatia wote, fumbo lilikuwa jepesi. Asipopatia hata mmoja, waandishi wanarudi kuangalia: masizi yalitajwa kweli, au yalibaki kichwani mwao? Na aliyeandika jina sahihi bila kidokezo hapewi alama, hata akilalamika.