Sura ya Saba: Mchezaji Anavuka na Karatasi Zake

Kijana wa Mulanda, wilayani Tororo, Uganda, hana safari ndefu akitaka kwenda Kenya. Akielekea mashariki anatokea Malaba. Akishuka kusini anafika Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka. Asubuhi watu wanavuka na bidhaa zao, jioni wanarudi kulala kwao. Jopadhola, Wasamia na Wateso wana ndugu huku na kule, na ukiita Onyango, Wanyama au Masinde utaitikiwa upande wowote uliosimama. Lakini kijana huyo akitaka kuichezea klabu ya Busia ya Kenya, sheria za soka hazimhesabu kama jirani. Kwa kanuni za FIFA, kuvuka geti la mpakani ni uhamisho wa kimataifa, sawasawa na wa mtu anayetoka São Paulo kwenda Tokyo.

Maana yake ni kwamba klabu mpya inamwomba kupitia shirikisho lake, yaani FKF ya Kenya, nalo linaomba kwa FUFA ya Uganda hati ya uhamisho wa kimataifa. Tangu Oktoba 2010 maombi ya uhamisho wa wachezaji wa kulipwa yanapita kwenye mtandao wa FIFA, na bila hati hiyo mchezaji haruhusiwi kugusa mpira katika mechi rasmi. Akiwa chini ya miaka 18 mlango ni mwembamba zaidi, kwa sababu FIFA imekataza kwa jumla kuwahamisha watoto kutoka nchi moja hadi nyingine. Zuio hilo ni la haki kabisa. Watoto wengi wa Afrika wameahidiwa majaribio ya Ulaya na watu waliojiita mawakala, kisha wakatelekezwa ugenini bila klabu wala nauli ya kurudi.

Hata hivyo, walioandika kanuni hizo walikumbuka watu wa mipakani. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani ambayo nayo iko ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huohuo. Kati ya nyumba na klabu pasizidi kilomita 100, mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Mulanda imo ndani ya kipimo hicho. Nawasihi wazazi wa Tororo na Busia wakikariri kifungu hiki, kwani kinamruhusu mtoto kufanya mazoezi Kenya kihalali bila kuacha shule wala mji wake.

Tukishaelewa karatasi, tunaweza kumwelewa mchezaji anayehamahama. Mashabiki wetu humdharau: wakisikia mtu amepita klabu sita, wanasema hana kiwango ndiyo maana hatulii. Brazil, nchi inayosafirisha wanasoka kwa wingi kuliko karibu zote duniani, imejaa watu wa aina hiyo, na mmoja tulimwona kwa macho yetu. Gerson Fraga, aliyekulia Grêmio ya Porto Alegre na kuwahi kuwa nahodha wa timu ya vijana ya Brazil, alifika Simba ya Dar es Salaam mwaka 2019 akitokea India, alikochezea Mumbai City na ATK. Wabrazili wawili waliokuja naye hawakudumu. Yeye alikaa, akacheza kiungo mkabaji, akatwaa ubingwa wa ligi wa msimu wa 2019/20. Kwa mtu kama huyo kuhama ndiyo kazi yenyewe: mkataba unaisha, familia inahitaji kula, na anayemhitaji yuko bara jingine.

Kwa upande wetu, mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Denis Masinde Onyango. Alizaliwa Kampala mwaka 1985, akadakia SC Villa, akaenda Saint George ya Addis Ababa, kisha Afrika Kusini: SuperSport United, Mpumalanga Black Aces, na mwaka 2011 Mamelodi Sundowns, timu ambayo kwa jezi zake za njano watu wa kwao huiita Wabrazili. Huko nako hakupokelewa kama mfalme. Alipelekwa Bidvest Wits kwa mkopo, ndipo akarudi.

Mkopo huu wengi hawauelewi. Mchezaji hauzwi; mkataba wake unabaki klabu mama, usajili wake unahamia kwa muda, na klabu inayomwazima hulipa mshahara wote au sehemu yake kadiri walivyopatana. Kwa mshambuliaji ni njia ya kupata dakika nyingi zaidi. Kwa kipa mara nyingi ndiyo njia pekee, kwa sababu nafasi yake ni moja. Mshambuliaji wa akiba huingia dakika ya 70 akaonyesha alichonacho; kipa wa pili anaweza kukaa benchi msimu mzima akiwa mzima wa afya na hodari wa kazi. Ndiyo maana simlaumu kipa anayehama. Anatafuta lango la kusimama.

Onyango alilipata. Mwaka 2016, yeye akiwa na miaka 31, Sundowns walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuwafunga Zamalek 3-0 nyumbani na kufungwa 1-0 Misri. Septemba mwaka huohuo alidakia Uganda ilipoilaza Comoro 1-0 uwanjani Namboole kwa bao la Farouk Miya, na Cranes, timu hiyo ya taifa, wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Januari 2017, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani.

Lakini tazama karatasi ilivyofanya kazi katika ubingwa ule wa Afrika. Sundowns walikuwa wameshatolewa na AS Vita Club ya Kinshasa, wakaangukia Kombe la Shirikisho na huko nako wakatolewa na Medeama ya Ghana. Walirudishwa Ligi ya Mabingwa kwa sababu Vita walikuwa wamemchezesha mtu asiyeruhusiwa, Idrissa Traoré, katika mechi yao na Mafunzo ya Zanzibar. Kosa la kumchezesha mtu mmoja, katika mechi ambayo Onyango hakuwemo, lilimfungulia njia ya medali.

Karatasi pia ni fedha. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23: robo asilimia kwa kila msimu hadi 15, nusu asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Kijana akiuzwa dola 1,000,000, klabu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 inastahili dola 10,000. Huko kijijini fedha hizo zinasawazisha kiwanja, zinanunua nyavu na mipira, na zinabaki. Tangu Novemba 2022 FIFA hukusanya na kugawa malipo haya kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa. Klabu isiyomo kwenye orodha hailipwi, hata kama kijiji kizima kilimwona kijana akikua uwanjani hapo.

Basi kocha wa Mulanda, wa Nagongera, wa Busia ya huku na ya kule: usisubiri wakala aje ndipo utafute kalamu. Iandikishe klabu yako, kisha mwandikishe mtoto akiwa na miaka 12, kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na nakala ya fomu ukaihifadhi.