Kambove: Mwisho wa mwaka, meka ya unga inapita jirani hadi jirani

KAMBOVE (Haut-Katanga) – Sikukuu za mwisho wa mwaka hazikuti Kambove na ghala zilizojaa. Katika mji huu wa madini, kilomita 25 hivi kaskazini-magharibi ya Likasi, Noeli na Bonane vinafika katikati ya mvua, mahindi yakiwa bado machanga mashambani na unga ukiwa umepanda bei sokoni. Hata hivyo, ndiyo majuma ambamo sahani zinavuka ua kutoka nyumba moja kwenda nyingine: bukari kidogo, sombe, uyoga wa porini, au meka moja ya unga iliyofungwa ndani ya mfuko.

Mtu asiyejua mji anaweza kudhani hayo ni mambo madogo ya sikukuu. Lakini kwa wakaaji wa Kambove, na wa miji yote ya Gécamines, namna ya kutoa na kushukuru imebadilika sana katika miaka thelathini iliyopita. Zamani mkono mkubwa uliotoa ulikuwa wa kampuni. Leo ni wa jirani.

Noeli ya mvua, si ya baridi

Katika nchi za Ulaya, Noeli ni sikukuu ya baridi na theluji, na watu wa kule hujifungia ndani karibu na moto. Katika Katanga baridi iko upande mwingine wa kalenda: ni kipwe, mwezi wa sita na wa saba, wakati mavuno yamekwisha kuingia nyumbani. Mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa mvua, matope na jembe.

Mkulima wa huku hupanda mahindi mvua inaposhika, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Mahindi mabichi ya kuchoma hupatikana karibu na mwezi wa pili na wa tatu, na mavuno yenyewe huanza mwezi wa ine. Maana yake ni kwamba Noeli inaangukia mwanzo wa miezi ya njaa: akiba ya mwaka jana inaisha, na ya mwaka huu haijafika.

Kuna jambo lingine. Katanga hailimi mahindi ya kutosha kwa watu wake, na sehemu kubwa ya unga unaoliwa Lubumbashi, Likasi na Kambove hutoka Zambia na hata Afrika Kusini, ukipitia Kasumbalesa. Zambia ikikohoa, Katanga inaugua. Mwaka 2024 ukame mkali uliharibu mashamba ya Zambia, na mwezi wa pili mwaka huo serikali ya Lusaka ikatangaza kuwa ni janga la taifa. Upande huu wa mpaka, kila mama anayepika bukari alijua maana yake.

Ndiyo sababu meka ya unga haina uzito uleule mwaka mzima. Kumpa jirani meka moja mwezi wa sita, wakati kila nyumba ina gunia, ni salamu tu. Kumpa meka hiyohiyo tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili ni kupunguza chakula cha watoto wako mwenyewe. Anayepokea anajua. Anayetoa anajua kwamba mwenziwe anajua.

Sahani hairudi tupu

Wema wa majuma haya hauna hotuba. Mara nyingi ni mtoto anayetumwa, sahani ikiwa imefunikwa ili majirani wengine wasihesabu kilichomo. Mwenye kupokea anahamisha chakula, anaosha sahani na kuiweka. Kuirudisha tupu si adabu. Lakini kuirudisha siku ileile ikiwa na kitu cha thamani ileile pia si adabu, kwa kuwa itakuwa kama kulipa deni na kufunga hesabu. Sahani hukaa kidogo, halafu siku fulani inarudi na majani ya lengalenga, maembe au chumvi. Kwa njia hiyo hesabu haifungwi, na majirani wanabaki majirani.

Si chakula tu. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, makala yanalowa, na aliye na mfuko mkavu anampimia mwenziwe ya kuwashia mbabula. Umeme ukikatika mtaa mmoja na kubaki mtaa mwingine, simu za watu wanane zinaweza kuchajiwa ndani ya nyumba moja. Mwenye kisima anaacha mlango wa ua wazi mapema asubuhi. Mama anayekwenda kusali usiku wa Noeli anamwachia jirani mzee aliyebaki nyumbani ufunguo na mtoto aliyelala.

Na kuna zawadi za porini, zisizonunuliwa. Msitu wa miombo unaozunguka miji ya Katanga hutoa uyoga mwingi mvua zinapoanza. Mojawapo, ule unaoota juu ya vichuguu na kufungua kofia pana kama mwavuli, unahesabiwa na wataalamu kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Jina lake la kisayansi ni Termitomyces titanicus. Mmoja tu unaweza kutosha jungu la familia. Ukipatikana, ni vigumu kuula peke yako bila mtaa mzima kujua.

Kwa kushukuru, Kambove ina maneno mengi kwa sababu watu wake walitoka pande nyingi. "Aksanti" ni ya wote. Nyumba moja itasema "natotela" kwa Kibemba, nyingine "wafwako" kwa Kiluba cha Katanga, nyingine "twasakidila" kwa Kiluba cha Kasai. Jirani wa miaka mingi hujifunza kushukuru kwa lugha ya nyumba anayoingia.

Wakati kampuni ilikuwa baba na mama

Mchanganyiko huo wa watu ulianzia kwenye shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali, na kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaruhusu wakae na wake na watoto wao kwenye kambi, badala ya kuwarudisha kijijini kila mkataba unapoisha.

Tangu hapo kampuni ilishika maisha yote ya mfanyakazi. Ilitoa nyumba, hospitali na shule. Ilitoa posho: unga, mafuta, samaki au nyama, chumvi. Serikali ilipoichukua kampuni hiyo mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, desturi ya unga wa mwisho wa mwezi iliendelea. Watu wakazoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika kitabu mwaka 2001 kuhusu familia za wafanyakazi hao, alikipa jina linalozungumza juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Kwa nini "walioachwa"? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi ulibomoka. Ikafuata michafuko ya kisiasa na uporaji wa mwaka 1991. Kufika mwaka 1994, kampuni ilikuwa inatoa tani 30.000 hivi tu. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa "départs volontaires", kuondoka kwa hiari. Wengi wao hadi leo hawakubali kwamba palikuwa na hiari.

Gunia la mwisho wa mwezi likakoma. Familia zilizozoea kupokea unga kwa orodha ya kampuni zikajikuta hazina orodha yoyote. Hapo ndipo mama wa nyumba walipoanza kulima pembeni ya mji, kuuza makala, karanga na mikate kandokando ya barabara, na kuunda likelemba za kuwekeana makuta. Na hapo ndipo sahani ya jirani ilipopata maana mpya. Zamani ilikuwa adabu. Sasa ikawa chakula cha jioni.

Ujirani nao ulivunjika

Si haki kusema kwamba watu wa shaba walipendana siku zote. Kuanzia mwezi wa nane mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kwenye nyumba zao kwa maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuijua Kasai kamwe. Walilala majuma na miezi kwenye stesheni ya Likasi na ndani ya shule wakingojea treni. Wako waliokufa kwa magonjwa na njaa kabla ya kufika popote.

Waliowafukuza hawakutoka mbali. Wengi walikuwa watu wa kambi ileile, waliopanga mstari mmoja kungojea posho ileile. Posho ya kampuni ililisha watu bega kwa bega, lakini haikuwafanya wahitajiane: kila mmoja alimtazama aliyetoa, hakumtazama aliye kando yake. Hotuba za siasa zilipokuja, uzi uliowafunga ulikuwa mwembamba.

Maneno ya "mwenyeji" na "mgeni" hayajaisha katika Katanga. Hurudi kila uchaguzi unapokaribia. Kwa hiyo nyumba inayosema "wafwako" inapotuma sahani kwa nyumba inayosema "twasakidila", si bukari tu inayovuka ua. Watoto wanaobeba sahani hizo wanajifunza mlango wa nani wa kubisha siku ya shida, na hilo ni vigumu kulifuta kwa mkutano mmoja wa siasa.

Zawadi si haki, na haki si zawadi

Mwisho wa mwaka pia ni wakati wa picha. Katika miji ya madini, wakubwa na makampuni hupenda kugawa magunia mbele ya kamera, na wanaopokea huambiwa waseme aksanti kwa sauti kubwa. Hapa ni vema kutofautisha mambo mawili.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu mwaka 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi, na kutia sahihi mapatano na jamii hizo juu ya shule, maji, barabara na hospitali. Kisima kilichochimbwa kwa fedha hizo si Bonane. Mshahara uliolipwa kwa wakati si Bonane. Ni haki, na mtu anayeidai hakosi shukrani. Shukrani yenyewe inabaki kwa yule ambaye hakuna sheria iliyomlazimisha: mama aliyepunguza unga wake, kijana mchimbaji aliyepata kidogo na akalipia dawa za mzee wa mtaa.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kambove inaongeza jambo: kutoa pia ni kusitiri. Mzee aliyefanya kazi Gécamines miaka thelathini haombi unga. Ukimletea mchana mbele ya watu, unaweza kumwumiza zaidi ya njaa. Wanaojua hutuma mtoto jioni, na ujumbe kwamba mama amepika nyingi kuliko nyumba, na ingekuwa hasara kuitupa. Mzee naye anajua kwamba si kweli. Anapokea, anambariki mtoto, na heshima ya wote wawili inabaki mahali pake.

Bonane ya watoto

Tarehe moja mwezi wa kwanza ni zamu ya watoto. Wanavaa nguo mpya, au zile za zamani zilizofuliwa na kupigwa pasi, na kuzunguka kwa makundi wakisalimia "Bonane!" mlango kwa mlango. Wanangojea bonbon, biskuti au noti ndogo ya franka. Nyumba isiyo na kitu hutoa kikombe cha munkoyo au baraka ya bibi, na watoto hawaikatai.

Wazazi wengi huwaambia watoto waanzie kwa waliofiwa mwaka huo, kwa wajane na kwa wazee wanaokaa peke yao, kabla ya kukimbilia nyumba zenye bonbon. Kwa mjane ambaye hakupika lolote, salamu ya kundi la watoto mlangoni asubuhi ya mwaka mpya ni alama kwamba mtaa haujamfuta kwenye hesabu yake. Vikundi vya makanisa navyo hutembelea wagonjwa na wafungwa, kwa kuwa katika magereza mengi ya Congo mfungwa asiye na jamaa wa kumletea chakula hulala njaa.

Baada ya Bonane, mji unarudi kwenye jembe, kwenye migodi na sokoni. Miezi miwili migumu bado iko mbele. Halafu, mvua zikienda vizuri, mahindi mabichi yatakomaa kwenye mashamba ya pembeni, na sahani nyingi zilizochukuliwa mwezi wa kumi na mbili zitarudi kwa wenyewe, zikiwa na mahindi mawili au matatu ya kuchoma juu yake.