Kabla korosho haijawa pakiti: Zungukeni uwanda wa Makonde na watoto

Mtoto anayekulia Dar es Salaam anaijua korosho ikiwa imeshabanguliwa, imetiwa chumvi na kufungwa kwenye pakiti. Mwulize mti wake unafananaje, au tunda lake lina rangi gani, na huenda akakutazama tu. Hata wale ambao babu na bibi zao wako Newala, Tandahimba au Masasi, wengi hufika huko kwa ajili ya msiba na kurudi kabla hawajaonja chochote zaidi ya wali wa matanga.

Kwa mzazi anayetafuta mahali pa kupeleka familia likizo, mkoa wa Mtwara una mzunguko mzuri wa barabara usiozungumzwa sana. Unaanzia Mtwara mjini, unapanda Nanyamba, Tandahimba na Newala, unateremka Masasi, kisha unarudi kwa kupitia Ndanda, Mnazi Mmoja na Mikindani. Jumla ni kama kilometa 400. Kwa familia yenye watoto, siku nne zinatosha bila kukimbizana.

Uwanda huu ni kama kisiwa kilichoinuka juu ya nchi kavu. Kusini kuna bonde la mto Ruvuma, kaskazini bonde la Lukuledi, mashariki Bahari ya Hindi, na magharibi tambarare ya Masasi yenye vilima vya mawe. Juu yake hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji huzama chini kabisa na kujitokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni. Mzazi akilijua hilo moja, ataweza kuwaeleza watoto karibu kila chakula watakachokutana nacho njiani.

Mtwara hadi Tandahimba: mti usiodai maji

Ukitoka Mtwara utapita Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana nchini kwa mbegu bora za korosho. Baada ya hapo mikorosho inakuwa pande zote za barabara. Gari linapanda polepole mno kiasi kwamba abiria hawatambui kuwa wako mlimani.

Simamisheni gari mahali salama, muombe ruhusa kwa mwenye shamba, watoto waone. Bibo ni jekundu au la njano, na korosho yenyewe inaning'inia kwa nje, chini ya tunda. Kila bibo lina korosho moja tu. Mtoto akilijua hilo, ataelewa ni mikono mingapi imeinama chini ya miti kuokota gunia moja.

Waonjeni mabibo, lakini wavae nguo za zamani, maana majimaji yake yakidondokea shati doa halitoki. Tunda lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, ila huharibika ndani ya siku moja au mbili, ndiyo sababu halifiki sokoni Kariakoo. Wenyeji hulikausha, na wengine hulikamua na kulichachusha kupata uraka. Hicho ni kilevi, hivyo mtoto akiona kibuyu au ndoo ya kinywaji, aulize kwanza.

Onyo moja ni muhimu: mtoto asing'ate korosho mbichi yenye ganda. Ganda lina mafuta makali yanayounguza midomo na ngozi. Korosho inapochomwa kienyeji juu ya bati, mafuta hayo hushika moto na kutoa moshi mkali. Simameni upande unakotoka upepo, mbali kidogo, kisha subirini zipoe na zibanguliwe. Korosho ya moto iliyotoka kwenye ganda ina ladha ambayo pakiti haijawahi kuwa nayo.

Newala: ardhi inapokatika

Newala iko juu ya ukingo wa uwanda. Baada ya mwendo mrefu wa kupanda bila kujua, ardhi inakatika ghafla mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Chini kuna bonde pana la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na picha zipigwe mbali na ukingo.

Hapo ndipo pa kuwauliza watoto: watu waliishije juu huku bila mto? Kichaka kizito cha uwanda kiliwakinga wenyeji dhidi ya wavamizi na wakamataji watumwa katika karne ya 19, lakini ulinzi huo ulikuwa na bei yake. Maji yalifuatwa mabondeni, na aliyeyapandisha kwa kichwa alikuwa mwanamke. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika shida hiyo. Mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni ulianza miaka ya 1950, na chanzo cha Mitema katika bonde la Kitangari kinajulikana hadi leo. Katika kata kama Mkunya na jirani zake, bibi wengi bado wanazo hadithi za safari za maji. Wajukuu wakiwa na bahati ya kumkuta bibi barazani, wamwulize.

Chakula cha hapa kinajibu swali hilohilo. Ugali ni wa makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukakaushwa na kutwangwa. Muhogo huvumilia ukame, na ukikaushwa hukaa ghalani kwa miezi. Ule mchungu una sumu, na kinamama hawaruki hatua hata moja katika kuuandaa. Katika sehemu kadhaa za Afrika, haraka ya nyakati za njaa imewahi kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Kando ya ugali kuna kisamvu, kunde au mbaazi, na mara nyingine njugu mawe za kuchemsha.

Kisha kuna ming'oko. Hivi ni viazi pori vyembamba vinavyochimbwa porini wakati wa kiangazi, vikachemshwa kwa chumvi na kuuzwa stendi na sokoni. Mtoto humenya kwa vidole na kula akiwa ndani ya gari. Hakuna aliyeupanda na hakuna aliyeumwagilia. Kwa watoto waliozoea chipsi, ming'oko ndiyo kawaida huwa gumzo la safari.

Masasi na Ndanda: chini kwenye maji

Kutoka Newala hadi Masasi ni kama kilometa 70, na njiani mnauteremka uwanda. Masasi inatambulika kwa vilima vya mawe vilivyosimama peke yake. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walifika hapa na watu waliokombolewa utumwani Zanzibar, wakaanzisha makazi. Lupaso, alikozaliwa Rais wa awamu ya tatu Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020, iko katika wilaya hii.

Kilometa kama 40 mbele, kwenye barabara ya Lindi, ni Ndanda, chini ya ukuta wa uwanda. Watawa Wabenediktini walianzisha misheni yao hapa mwaka 1906, na hospitali yao inajulikana kusini nzima. Maji yaliyozama juu yanatokea huku: kuna vijito, migomba na bustani za mboga. Watoto walioona mapipa ya kukinga mvua Newala watatambua tofauti bila kuhubiriwa.

Kutoka hapo lami inawafikisha Mnazi Mmoja, kisha inageuka kusini hadi Mikindani. Mji huo mkongwe una nyumba za mawe na boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa na kuwa hoteli. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Malizeni kwa wali wa nazi na pweza au samaki. Baada ya siku za makopa na kunde, watoto wataonja wenyewe kwamba wamerudi baharini.

Kabla hamjaondoka

- Likizo ya Juni ina hali ya hewa ya baridi kidogo, ming'oko na barabara kavu. Mabibo yako kati ya Septemba na Desemba. Likizo ya Desemba mtakuta mwisho wa msimu, maembe tele, na mvua zimeanza.
- Lami ya Mtwara hadi Mnivata ni kilometa 50. Kutoka hapo hadi Masasi kupitia Newala ni kilometa 160, na ujenzi umekuwa ukiendelea. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka, hasa mvua zikiwa zimenyesha.
- Kuanzia katikati ya mwaka wakulima hupulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Mtoto mwenye pumu asipite shambani wakati huo.
- Bebeni maji ya kunywa ya kutosha tangu Mtwara au Masasi. Juu ya uwanda msimwage hata nusu ndoo ya mwenyeji wenu.
- Nunueni korosho kwa kinamama wanaobangua wenyewe, na mpeni mtoto fedha akanunue. Akishaona vidole vyeusi vilivyoungua kwa mafuta ya ganda, hatauliza kwa nini korosho ni ghali.