KUJIANDAA KABLA YA UPUNGUFU WA FEDHA: FUNZO KUTOKA VYUO VYA JAMII VYA CALIFORNIA

Kila chuo kinachoendeshwa kwa fedha za umma hukabiliwa na suala moja: iwapo fungu lililotarajiwa halitatolewa lote, ni kipi kitakachobakishwa na ni kipi kitakachoachwa? Suala hilo likiulizwa mapema, majibu huwa mengi. Likiulizwa katikati ya mwaka, masomo yakiwa yamekwishaanza, majibu huwa machache na machungu. Yaliyovipata vyuo vya jamii vya Jimbo la California, nchini Marekani, baina ya mwaka 2008 na 2012 yanafaa kuzingatiwa na watumishi wanaotayarisha makadirio, pamoja na wananchi ambao watoto wao husoma katika taasisi za umma.

Chuo cha jamii ni chuo cha karibu na nyumbani. Humpokea kijana aliyemaliza skuli na mtu mzima anayetaka kujifunza kazi mpya, kama vile uuguzi au ufundi wa magari. Na wapo wanaosoma hapo miaka miwili kisha wakaendelea na chuo kikuu. Kwa upande wa kufundisha kazi, shabaha yake haiko mbali na ile ya vituo vya mafunzo ya amali vya Zanzibar. Mwaka 2012 California ilikuwa na vyuo 112 vya aina hiyo.

Chanzo cha matatizo

Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliweka kikomo cha kodi ya majumba na ardhi kuwa asilimia 1 ya thamani. Tangu hapo vyuo vilitegemea zaidi Hazina ya Jimbo, ambayo nayo hutegemea sana kodi ya mapato. Uchumi ulipoanguka mwaka 2008, mapato ya Hazina yalianguka pia. Wakati huo huo, watu walioachishwa kazi walimiminika vyuoni kutafuta ujuzi mpya. Kwa hivyo, fedha zilipungua katika wakati ule ule ambao mahitaji yaliongezeka.

Kuanzia mwaka wa fedha 2008/09 hadi 2011/12, vyuo hivyo vilipunguziwa dola milioni 809, sawa na takriban asilimia 12. Ada ilipandishwa kutoka dola 20 kwa kila yuniti ya somo hadi 26 mwaka 2009, ikafika 36 mwaka 2011 na 46 mwaka 2012. Hata hivyo nafasi hazikutosha. Idadi ya wanafunzi ilishuka kutoka kiasi cha milioni 2.9 hadi milioni 2.4. Mwanzoni mwa muhula wa Agosti 2012, zaidi ya majina 470,000 yalikuwa katika orodha za kusubiri. Watu hao hawakufeli mtihani wowote. Waliyakosa madarasa tu.

Kwa nini mzigo huwaangukia wanyonge

Sehemu kubwa ya fedha za chuo huwa imekwishafungwa kabla mwaka haujaanza. Sheria ya California ya mwaka 1961 inataka angalau nusu ya gharama za elimu ziwe mishahara ya walimu. Mwalimu wa kudumu anayekusudiwa kupunguzwa hupewa taarifa kabla ya tarehe 15 Machi, ilhali bajeti ya Jimbo hupitishwa ifikapo tarehe 15 Juni. Chuo ambacho hakikuamua mapema hubakiwa na njia moja: kuwaondoa walimu wa muda pamoja na madarasa yao. Na kwa kuwa wanafunzi wa zamani walikuwa wakijiandikisha mwanzo, aliyefungiwa mlango alikuwa ni yule aliyefika kwa mara ya kwanza.

Bajeti mbili kwa mwaka mmoja

Mwaka 2012 bajeti ya Jimbo ilijengwa juu ya kodi mpya iliyokuwa ikisubiri kura ya wananchi ya tarehe 6 Novemba. Kodi hiyo ingekataliwa, vyuo vingepoteza karibu dola milioni 550 katikati ya mwaka. Lakini sheria ilivitaka vyuo viidhinishe bajeti zao ifikapo tarehe 15 Septemba. Vyuo kadhaa viliandaa makadirio mawili: moja la kupita kodi hiyo, na jengine la kukataliwa. Kodi ilipita, na makadirio ya pili, ingawa hayakutumika, yalikuwa yamekwishaonesha ni masomo gani yasingeguswa.

Mambo manne yanaweza kuchukuliwa kuwa ni mafunzo ya kipindi hicho:

(i) Kuweka akiba. Ofisi ya vyuo ya Jimbo ilishauri kwa miaka mingi akiba isiyopungua asilimia 5. Hata hivyo, akiba hununua muda tu. Haitibu upungufu wa kudumu.

(ii) Kutotumia fedha za mara moja kwa matumizi ya kila mwaka, kama vile ajira mpya.

(iii) Kuamua mapema nani atangulizwe. Mwaka 2012 Bodi ya vyuo hivyo ilibadilisha utaratibu wa kujiandikisha ili, kuanzia 2014, mwanafunzi mpya mwenye mpango wa masomo apate nafasi kabla ya yule aliyelimbikiza yuniti zaidi ya 100.

(iv) Kuwaeleza walimu, wanafunzi na wazee ukweli kabla ya uamuzi.

Mwaka wa fedha wa Zanzibar, kama ule wa California, huanza tarehe 1 Julai. Miezi ya kutayarisha makadirio ndiyo miezi ya kuandika pia ukurasa wa pili, unaoeleza kitakachofanywa iwapo fungu litapungua. Ukurasa huo hauna gharama. Ukikosekana, gharama yake hulipwa na kijana atakayefika mlangoni na kuambiwa nafasi zimekwisha. Tahadhari kabla ya athari.