Kabla hujaiuza saa ya kale, ijue thamani yake

WENGI wanaorithi saa ya mkono ya thamani hufanya mambo mawili kabla ya kuiuza. Kwanza huipeleka kwa fundi ikang'arishwe, kisha humwendea sonara kuuliza bei. Yote mawili yanaweza kumpunguzia mwenye mali fedha nyingi.

Sonara hupima dhahabu. Saa yenye muhuri wa 750 ni ya karati 18, yaani robo tatu ya uzito wake ni dhahabu halisi. Mwili na mkanda vikiwa na gramu 60, bila mashine na kioo, dhahabu iliyomo ni gramu 45. Hesabu hiyo humwonyesha muuzaji kiwango asichopaswa kushuka chini yake, lakini haiwi bei ya saa.

Ushahidi ni kwamba baadhi ya saa zinazogombewa mno minadani ni za chuma cha pua. Rolex aina ya Daytona, iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman wa Marekani, iliuzwa na kampuni ya Phillips mjini New York mnamo Oktoba 26, 2017 kwa dola 17,752,500. Jina la mwenyewe lilipandisha bei, bila shaka. Hata hivyo, saa nyingine za aina hiyo zenye uso wa mapambo kama wake, ambazo hazikupendwa sana zilipokuwa mpya madukani, leo huuzwa kwa bei mara kadhaa ya zile zenye uso wa kawaida.

Ikumbukwe pia kwamba nyundo siku ile iligongwa kwenye dola milioni 15.5, kilichozidi ni ada anayotozwa mnunuzi na kampuni ya mnada. Wasomaji wa habari za minada husahau jambo hilo, na husahau kwamba hata muuzaji aweza kukatwa ushuru wake.

Tathmini huanza kwa kuitambua saa. Katika Rolex nyingi za kale, ukiondoa mkanda utaona namba ya aina upande wa saa kumi na mbili, na namba ya saa yenyewe upande wa saa sita. Patek Philippe, kwa malipo, hutoa dondoo la kumbukumbu zake linaloonyesha saa ilitengenezwa lini. Ukishaijua, tafuta bei ambazo saa kama hiyo imekwisha kuuzwa. Bei zinazotajwa na wenye kuuza ni matumaini yao tu. Vivyo hivyo, usiitegemee tathmini ya bima, kwani hukadiria gharama ya kupata nyingine na mara nyingi huwa juu ya bei ya soko.

Kinachofuata ndicho kizito zaidi: je, saa imebaki kama ilivyotoka kiwandani? Uso wa saa ndio unaochunguzwa kwanza. Saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1970 zenye rangi ya kung'aa gizani zina herufi T chini ya uso, alama ya tritiamu. Herufi hiyo isipoonekana kwenye saa ya aina hiyo, mnunuzi hushuku kuwa uso umebadilishwa. Kung'arisha nako hula kingo za chuma, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Waomani wanalifahamu jambo hili. Zipo Rolex zilizoagizwa enzi za Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka mwaka 1970, zenye nembo ya jambia usoni, ambazo baadhi walizawadiwa maofisa wa Uingereza. Nembo hiyo ndogo huizidishia saa bei sana. Fundi akiweka uso mpya usio na jambia, sehemu kubwa ya thamani hiyo hutoweka, hata kama saa inaonekana safi zaidi.

Kwa hiyo iache na mikwaruzo yake, pamoja na sanduku, risiti na hati zake. Waulize wathamini wawili au watatu, na jihadhari na anayetaja bei huku akitaka kuinunua yeye mwenyewe. Ukichagua mnada, kubaliana mapema kuhusu bei ya chini kabisa ambayo saa haitauzwa isipofikiwa. Kwa desturi bei hiyo haizidi kadirio la chini linalochapishwa katika orodha ya mnada, na saa isiponunuliwa, uliza ni nani atakayelipia picha na bima.